Seti Nisiyokuwa Nayo

Ukunda,
Jumatano, baada ya alasiri.

Kwako ndugu yangu Tsuma,

Assalaam alaykum. Natumai karatasi hizi zitakukuta u mzima, kile kikohozi chako cha kusi kimekwisha, na mama yako magoti hayamsumbui sana. Mpe shikamoo yangu. Mwambie tangu nitoke Vanga sijaonja samaki wa kupaka aliyepikwa na mtu mwenye akili, na hawa wanaojaribu huku wanafaa kupelekwa kwa chifu. Mimi mwenzako sijambo. Nimenenepa kidogo na uzuri umezidi. Si mimi ninayesema, ni kioo.

Najua unajiuliza ni nani anayeandika barua zama hizi za simu. Lakini simu umenifungia, yakhe. Miezi mitano ninapiga, inakatika. Ninatuma ujumbe, hausomwi. Nikaazima simu ya jirani, na uliposikia sauti yangu tu ukaizima. Basi nimenunua daftari, na barua nitampa Amin, ambaye kila wiki analeta samaki hapa Ukunda. Amin ndiye anayenipa habari zako, ingawa ninamchimba kama muhogo kwenye ardhi kavu. Ombi langu ni moja: unisikie hadi mwisho. Kama tutasemezana tena au la, hilo ni lako, sitakushika mkono.

Sasa habari zangu. Nyumbani nimewaambia niko hotelini Diani ninajifunza upishi. Hotelini niko kweli. Jikoni napita nikienda kula. Ninachojifunza, Tsuma, ni kugawa karata katika ukumbi wa kamari wa wageni. Usinitolee macho. Pesa sijagusa; sisi wanafunzi tunachezea vidude vya plastiki vya rangi, na darasa likiisha vinahesabiwa na kurudishwa sandukuni. Tuko saba, wiki sita, na atakayefaulu mtihani wa Jumatatu atavalishwa kizibao chekundu na kupewa kazi. Nimeshakijaribu hicho kizibao. Hoteli nzima iligeuka kunitazama.

Mwalimu wetu anaitwa Caroline, mwanamke wa Nakuru, mwembamba, na ana sauti ya kengele ya shule. Siku ya kwanza aliuliza nani kati yetu aliyewahi kushika karata. Wenzangu walitazamana. Mimi niliinua mikono miwili. Nikamweleza kwamba mbele yake amekaa Kombe wa Vanga, aliyewalaza watu wa Wasini, wa Msambweni na wa Mwabungo kwenye karata za wahedisitini, na kwamba kama kuna cheti cha mambo hayo anipe tu niende nyumbani. Alisema sawa, champion, hebu kaa hapa tukuone.

Mchezo wao wanauita blakjaki. Unapewa karata mbili, unajumlisha, ukitaka unaongeza, na shabaha ni kufika ishirini na moja bila kupita. Ukipita umekufa. Mgawaji naye ana zake, unashindana naye yeye tu. Nikasema moyoni, huu ni mchezo wa watoto wa chekechea.

Karata zangu za kwanza zilikuwa mzungu wa nne na mzungu wa pili. Wewe na mimi tunajua: nne na mbili, sita. Nikaomba nyingine, ikaja tano. Kumi na moja. Nilikuwa ninaomba tena, Caroline akazikusanya karata zangu na kusema nimekufa zamani, nina ishirini na tano. Nikamwambia mama, hesabu za Nakuru zina kasoro. Akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni choo, kwamba kwao kila karata yenye picha ni kumi, mfalme kumi, malkia kumi. Sikukubali rohoni, lakini nikakaa.

Mzunguko uliofuata nikapata ree na seti. Tsuma! Ree kumi na moja, seti kumi! Niliruka, nikaipiga ile seti mezani kama tunavyoipiga kwa Mzee Baya, vidude vyote vikamwagika, nikatangaza kwamba mchezo umekwisha watu wakanywe kahawa. Darasa zima likanitazama. Caroline akauliza nimepata ngapi. Nikasema ishirini na moja kamili. Akasema kumi na nane, na niokote vidude sakafuni. Kwao seti ni saba, bwana. Saba kavu! Karata ambayo huko kwetu watu wanaifichia chini ya paja, hapa inapita kama nne au tano na hakuna anayeitazama. Nilipokuwa nimeinama chini ya meza ninaokota, nilitamani uwepo unicheke.

Sasa nimeshajua. Kusema kweli hakuna anayenifikia. Ninajua mgawaji anasimama akifika kumi na saba, ninajua ree inaweza kuwa moja au kumi na moja, na vidole vyangu vinachanganya karata hadi Caroline mwenyewe anasahau kunikemea. Nimebakiwa na tabia moja tu mbaya. Nikizipata karata, ninainua macho kumtafuta mwenzangu. Unajua nilivyozoea: macho kwanza kwako, halafu kwa karata. Nikiyainua ninamkuta kijana mmoja wa Machakos anatazama zake. Siku moja niling'ata mdomo bila kujijua. Caroline akaniuliza kama ninaumwa na meno. Nikamweleza kwamba kwetu tunacheza wawili kwa wawili, na ishara ni sehemu ya mchezo: kung'ata mdomo ni kumwambia mwenzako seti ya turufu ninayo mimi, usiwe na hofu. Alicheka. Akasema hapa hakuna mwenzako, ng'ata hadi utoke damu, kila mtu anakaa na zake na anakufa na zake.

Alisema kwa utani. Lakini nililibeba hilo neno hadi chumbani. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha mahindi. Majirani ni watu wa bara, wema, ila wakianza Sheng yao mimi ninabaki ninatikisa kichwa kama mjusi. Nina karata zangu mwenyewe. Ninatandika kanga ya mama chini, ninagawa wahedisitini ya watu wanne, na ninazunguka mkeka ninachezea kila mmoja. Wale wawili wa upande wa pili hawanisumbui, ninawachezesha kijinga wafungwe. Ikifika zamu yako ndiyo kazi. Ninazifunua karata zako, ninakaa nazo, sijui ungetupa ipi. Mara nyingi ninazikusanya hapo hapo.

Kuna jambo jingine wanalotufundisha. Mgawaji akitaka kuondoka mezani hawezi kuinuka hivi hivi. Anapiga kofi moja, ananyoosha mikono mbele, anageuza viganja juu na chini, ili kamera iliyo darini ione kwamba hakuondoka na kitu. Caroline anasema mimi ninaifanya vizuri kuliko wote. Ijumaa iliyopita niliifanya, nikaganda hapo hapo, viganja juu, wenzangu wakadhani ninaomba dua. Nilikuwa nimekumbuka Idi.

Basi nisikie. Siku ile ya Idi mosi, barazani kwa Mzee Baya, tulipocheza na wale wawili wa Shimoni, mimi niling'ata mdomo. Uliona sawasawa. Na seti sikuwa nayo.

Nilikuwa na mzungu wa nne wa turufu, nikataka uitoe ree yako ya turufu mapema, ili mkono wa mwisho uwe wangu na anayebebwa mabegani niwe mimi. Karata za kuokota zilikuwa bado, nikajiambia seti itanijia mimi, ingekwenda kwa nani tena? Ikaenda kwa yule mnene wa Shimoni. Wewe ukaniamini, ukaitupa ree kwa kikarata cha bure, na seti yake ikapita bila wa kuizuia, tukafungwa. Watu wakakurukia. Ukasema umepewa ishara. Mzee Baya akanigeukia, akaniuliza mbele ya watu wote. Nami nikaapa wallahi sikuinua hata unyusi. Nikaongeza kwamba labda Tsuma alikuwa anaota. Walicheka sana, unakumbuka. Ulivaa ndara zako ukaondoka. Siku ya tatu nikapanda gari kuja huku, nikawaambia watu nimeitwa kazi. Hakuna aliyeniita, Tsuma. Nilikuwa nimeshindwa kupita mbele ya mlango wenu.

Amin ameniambia kwamba hadi leo wanakuita Mwota Ndoto, na kwamba hakuna anayetaka kukaa nawe mkekani, ukipita wanang'ata midomo. Jina hilo nilikupa mimi, na kiapo kile ni changu. Kufunga kafara ya kiapo nimeanza, siku tatu, leo ni ya pili. Hizo ni kati yangu na Mola. Deni lako ni mbali.

Usimkasirikie Amin ukiikuta barua haikufungwa. Nimemwagiza asikuletee wewe kwanza. Apite barazani Ijumaa baada ya alasiri, mkeka ukiwa umejaa, amwamkie Mzee Baya, aombe karata ziwekwe chini, na aisome yote kwa sauti bila kuruka, hata hapo pa seti na vidude, hata hapo pa jikoni. Najua baba yangu hukaa hapo Ijumaa. Kwa hiyo wakati huu unapoisoma, wewe ndiye mtu wa mwisho wa Vanga kuyasikia haya, na tangu siku ile ya Idi ndiwe wa kwanza kuyajua.

Wasalimie nyumbani wote, wadogo kwa wakubwa, na Mwanatumu dada yako, ambaye alinitukana nilipoondoka na hakukosea. Jibu silidai. Mahali pangu mkekani mkalishe umpendaye, ila umtafute asiyejisifu.

Ni mimi, niliyekuwa mwenzako,

Kombe