Baba Wakili wa Nambis

Dodoma, 20 Oktoba 2024

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mzima.

Baba, nikuambie kabla hujasikia kwa mtu. Nilipata nafasi mbili chuoni, sheria na historia. Nimechukua historia. Usiniulize nitafanya kazi gani, sijui. Ila historia naisoma hata bila kutumwa. Sheria ningesoma kwa ajili yako tu.

Mwanao,
Zita

Nambis, 17 Novemba 2024

Mwanangu Zita, marahaba. Huku wazima, ng'ombe amezaa dume.

Nimechelewa kujibu kwa aibu, si kwa hasira. Kanisani nilishatangaza unasomea sheria. Barua yako ikaja, nikanyamaza. Watu wananiita Baba Wakili, na mimi naitika!

Sasa jirani yetu Severine amelima mpaka ndani ya shamba la mama Konsolata, yule mjane. Tumemwambia aende baraza la kata. Anasema, "Ya nini? Wakili wetu anakuja Krismasi." Severine analima tu. Nifanyeje?

Baba yako,
Basili

Dodoma, 24 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Nilicheka, halafu nikalia. Siji Krismasi kuwa wakili wa uongo. Mama Konsolata asinisubiri. Mwambie wewe.

Zita

Nambis, 15 Desemba 2024

Mwanangu, marahaba. Mama yako anakusalimu, hajalala vizuri tangu useme huji.

Leo wakati wa matangazo nilisimama. Nikasema, "Zita anasoma historia. Niliwadanganya." Mzee Bura akauliza, "Sasa atakuwa nani?" Nikasema, "Sijui. Hata yeye hajui." Watu wakacheka mpaka katekista akapiga meza. Mama Konsolata hakucheka. Nje akanishika mkono: "Kumbe nilikuwa nakamua ng'ombe ambaye hayupo! Basi kesho twende baraza, wewe shahidi." Nitaenda. Mpaka ule naujua, niliona mikonge yake ikipandwa.

Zita, nina miaka hamsini na mbili. Sijawahi kusema "sijui" mbele ya watu, hata fundi akiniuliza bati ngapi nataja tu. Wewe ulilisema ukiwa peke yako, mbali, na baba mkali kama mimi. Ujasiri huo sikukufundisha mimi. Nisamehe. Njoo. Wakikuuliza, wajibu hivyo hivyo.

Baba yako,
Basili (jina la Wakili wamelifuta)

Dodoma, 20 Desemba 2024

Baba, shikamoo.

Nimekata tiketi. Jumapili nitafutie nafasi benchi lako, pale uliposimama.

Mwanao,
Zita