Ukuta wa Karama Ndani ya Mkondo

Qarn Sidra, 4 Februari 1974

Mwanangu Karama,

Salamu zikufikie huko Jidda ukiwa mzima. Sisi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua. Huu ni mwaka wa sita mafuriko hayajashuka bondeni, mitende imesinyaa. Ukuta wa kuizunguka nyumba yako umefika kifuani, lakini waashi wameujenga ndani ya mkondo wa mafuriko, kama ulivyowachorea. Mimi ndiye msimamizi wa maji. Mwaka juzi nilimvunjia jirani yetu Faraj zizi la mbuzi alilojenga papo hapo mkondoni. Jana kautazama ukuta, kaniuliza, "Mzee Salmin, kwani maji yanajua mwenye ukuta ni mtoto wa nani?" Niruhusu niusogeze.

Baba yako, Salmin

Jidda, 1 Machi 1974

Baba yangu mpenzi,

Nabusu mkono wako. Mimi mzima, kazi tu nyingi. Mpe mama pole. Dawa ya kuchua inakuja na Mbarak, mwenzangu wa kazini, anayepita huko mara moja. Baba, usiusogeze. Mkondo huo umekufa, watoto wanachezea mpira humo. Wenzangu hapa nimeshawaambia nyumba yangu itatazama bonde zima. Nikirudi nyuma watanicheka. Faraj ana kijicho tu. Kama unanipenda, nyamaza.

Mwanao, Karama

Qarn Sidra, 19 Aprili 1974

Karama,

Salamu. Tu wazima, na naona haya kuliandika neno hilo. Nilinyamaza. Jumanne hapa kwetu hapakuwa na wingu hata moja. Mvua ilinyesha mbali, huko kwenye nyanda za juu. Alasiri maji yakashuka na mawe yake. Ukuta wako ukayageuza, yakaingia kwa Faraj. Mitende ishirini na mitatu imeng'oka. Nyumba yake ya udongo imeyeyuka kama sukari. Mama yake, yule kipofu, tulimtoa tumemlaza juu ya mlango. Nyumba yako haina hata ufa.

Msikitini nilisimama safu ya mwisho. Faraj akanifuata, akanishika mkono, akauliza mama yako anaendeleaje. Bora angenitemea mate. Usimamizi nimeuacha, watu wamemchagua yeye.

Baba yako

Jidda, 30 Julai 1974

Baba,

Nabusu mkono wako, na miguu. Barua yako ilifika Mei. Niliisoma, nikaificha chini ya godoro. Mbarak, aliyerudi huku kabla ya mafuriko, aliponiuliza habari zake nikasema kwetu salama, nyumba imesimama. Wenzangu wakanipongeza, nami nikazipokea pongezi. Nimeomba likizo, nitafika Alhamisi ya kwanza ya Septemba. Nitashukia njia panda, nisubiri giza, nipite nyuma ya makaburi watu wasinione. Ukuta nitaubomoa mwenyewe.

Mwanao, Karama

Qarn Sidra, 17 Agosti 1974

Mwanangu,

Salamu nyingi, na mama yako anakusalimu. Faraj na mama yake wanaishi kwetu tangu siku ile, tunakula sinia moja. Nilimwambia auvunje ukuta, sasa amri ni yake. Akasema, "Mwenyewe yu hai. Namngoja."

Usisubiri giza. Mimi nimejificha miezi minne, haya haikupungua hata chembe. Wewe ulikuwa mbali. Mimi niliuona ukipanda tofali kwa tofali. Shuka mchana, upite sokoni, umsalimie kila mtu, hata atakayekugeuzia uso. Nitakuwa njia panda tangu asubuhi. Tutaingia mjini pamoja.

Baba yako, Salmin