Meno ya Nyuma ya Sungura

Kibiti, Jumatano

Baba yangu, Mwalimu Mfaume,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila koo limekauka kwa vumbi la chaki na kubishana. Goti lako vipi? Na Mama, presha imetulia? Mwambie mchele wa Mbwera umefika na nusu nimeshaufakamia.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nisaini barua ya kuomba radhi, yaishe. Baba, nakuheshimu sana, lakini sisaini ng'o.

Umesikia upande wa mwalimu mkuu tu, basi nisikilize na mimi. Katika mtihani wa ujirani mwema, ule wa shule jirani kwa pamoja, Darasa la Sita waliulizwa sungura yumo kundi gani. Mwongozo wa usahihishaji ukasema kundi moja na panya. Binti mmoja, Tabu, anayelelewa hapa kwa shangazi yake, akaandika kwamba sungura si jamii ya panya, kwa kuwa nyuma ya meno yake mawili makubwa ya juu kuna mengine mawili madogo, na panya hana. Nikampa vema.

Mwalimu mkuu akaniwakia mbele ya walimu wote. Akasema chochote chenye meno ya kuguguna ni panya, na mwongozo haubishiwi. Nikamjibu kwamba kwa hesabu hiyo popo ni ndege, maana anaruka, na nguva wa huko kwetu ni samaki, maana anaogelea, wakati jamaa zake wa karibu ni tembo. Wenzangu wakacheka, yeye akanuna. Kesho yake nikampelekea sungura mzima kwenye tenga, nikamfunua mdomo. Akageuza uso, eti hana muda wa kuchungulia meno ya mnyama! Sasa nisiposaini kabla ya Ijumaa ataniondoa kwenye somo la sayansi. Na aniondoe.

Nilimuuliza Tabu nani kamfundisha. Akasema ni baba yake, aliyemwambia asikariri, ahesabu. Baba yake ni Nasibu.

Unamkumbuka. Ulipokuwa ukitufundisha, ulimcharaza viboko sita kwa maneno hayo hayo ya meno ya sungura, na alipolia kwamba hata Swaumu ameyahesabu, ulinigeukia ukaniuliza. Nikasema sijui lolote. Nilisema uongo, Baba. Tuliyahesabu pamoja bandani kwao, kidole changu mwenyewe kikiwa mdomoni mwa sungura. Nilikuogopa, na nilichelea kukuaibisha mbele ya darasa. Nasibu hakurudi tena shuleni. Miaka ishirini nalala na aibu hiyo, na bintiye simfanyii nilichomfanyia yeye, hata nikifukuzwa.

Radhi nimeomba, Baba, ila si kwa mwalimu mkuu. Nilimfuata Nasibu gatini Nyamisati, nikamwomba yeye. Akaniuliza kama wewe unajua. Ndiyo maana nakuandikia.

Nisalimie Mama na wote wanaoniulizia. Haya nisingeweza kuyasema kwenye simu. Nahodha wa boti aliyekukabidhi bahasha hii ndiye Nasibu mwenyewe. Nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma, kwa hiyo sasa hivi bado amesimama mlangoni pako. Mpe kiti, Baba, umwambie alikuwa sahihi.

Mwanao akupendaye, asiyesaini,

Swaumu