Sidi Yako Imefika, Nassor

Kaka Nassor,

Sidi yako imefika. Ile uliyoiagiza kabla hujalazwa, ya bendi yako ya roki ya Ireland, yenye nyimbo walizoziacha nje ya albamu zao. Ulizitamani tangu ulipokuwa ukisoma kule, ukanichosha masikio: "Zuwena, hujawajua hawa mpaka usikie walizozificha." Basi wamezitoa, na wewe hupo. Nimeipokea mimi mlangoni, alhamdulillahi. Angeipokea kaka Seif ingeishia kwenye pipa la taka.

Hujui alichokifanya. Hata matanga hayajaondolewa, mkubwa wetu huyo alikaa sebuleni na simu yako akafuta nyimbo zote. Alisema kila ukipigwa mmoja, dhambi inakufuata kaburini. Nikamwachia, sikuwa na nguvu za kubishana. Lakini hakuishia hapo. Alifuta na jumbe zote za sauti ulizokuwa ukiturikodia, eti kwa sababu nyuma yake gitaa linasikika. Khalafu akaichukua simu ya Mama, akaisafisha nayo. Mama alimpa mwenyewe. "Mwacheni, anamwondoshea nduguye mzigo."

Mzigo gani, kaka? Wewe ukisali, wewe ndiye ukimpeleka Mama hospitali. Seif akija Ijumaa, anakula wali, anaondoka. Leo yeye ndiye mwenye uchungu na akhera yako.

Jana nilichukua gari yako nikaenda ufukweni Yiti, pale ulipokuwa ukifunga vioo na kunilazimisha kusikiliza. Nikaisikiliza yote. Nisikufiche, nyingi mbovu, walikuwa na haki ya kuziacha. Ungeyasikia haya ungeninunia njia nzima mpaka tufike mjini, Hamriya.

Lakini upo wimbo mmoja. Mwimbaji anaanza, anakohoa katikati, anacheka, anaanza tena. Basi. Kikohozi kile wamekiweka miaka yote hiyo, wamekitia kwenye sidi, wamekiuza mpaka Maskati. Na mwenyewe bado yuko hai, akitaka anakohoa chengine. Nikaegesha gari nikalia kwa hasira. Wenzetu hawakutupa hata kikohozi cha mtu wao. Sisi nyumba nzima tumeacha hata salamu zako zifutwe.

Narudi alasiri, namkuta Mama yuko chumbani kwangu, kakaa kitandani. "Zuwena, huna sauti yake hata kidogo? Nnaanza kusahau anavyoniita."

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia akamuulize Seif. Nikamtazama mikono yake, nikashindwa.

Maana nnayo moja, kaka, kwenye simu yangu ambayo Seif hajaifikia. Uko njiani unatoka Hamriya, unalalamika joto, unaniambia nimuulize Mama kama anataka mkate. Unakohoa. Nyuma wanapiga hao hao Waairishi wako. Nikamwekea. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nirudie. Nikarudia. Ile sehemu unayosema "muulize Mama" akaitika, kaka. Akasema, "Nnataka, mwanangu."

Khalafu akajifuta uso akaniambia, "Mfiche Seif, asijue kama unayo." Hapo ndipo uchungu uliponirudia wote. Wewe umefichaficha nyimbo zako nyumba hii mpaka umekufa, na sasa tukufiche na wewe mwenyewe.

Seif ameshasema Ijumaa anaitaka simu yangu, na yangu isafishwe kabla ya arubaini. Aje. Ataikuta juu ya meza, mbele ya sinia la wali, na hataigusa. Akinisusa, anisuse. Akisema nakuongezea adhabu, nitamwambia kila swala nakuombea, na siku ya hesabu nitaulizwa mimi, si yeye. Mimi kumsamehe bado, usinihimize.

Hii ndiyo ahadi yangu kwako, sina nyengine. Sidi nitaiacha kwenye gari yako, ndipo pake. Pumzika, kaka yangu, Mola akupanulie kaburi lako. Mwimbaji wako kahifadhiwa kikohozi chake. Chako nnacho mimi.

Dada yako,
Zuwena