Miaka Mitatu Isiyo Kwenye Cheti

Chumba Na. 9, ghorofa ya pili,
Nyuma ya hospitali.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, mpima ardhi wa watu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo? Watoto je, wanasoma au wanakuzungusha tu? Na lile goti lako linaendeleaje, au bado unalibembeleza kwa dawa ya kuchua? Sisi huku wazima. Mgongo wangu unalalamika kidogo asubuhi, nikishakunywa chai unanyamaza.

Barua yako niliipata, na nimefurahi mno kusikia unaandika daftari la ukoo ili wanao wajue walikotoka. Wengi huanza kuuliza wakati wa kuulizwa wameshazikwa. Umeniomba nithibitishe tarehe, na yangu umeshaijaza mwenyewe kutoka kwenye nakala ya cheti changu. Basi vuta kiti ukae. Mwaka ule ufute.

Kwanza nikupe habari za Alhamisi. Nimestaafu! Miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha mashuka, na cherehani ile ile. Shuka likichakaa katikati nalipasua kwa urefu, kingo nazileta katikati, napiga mshono, mgonjwa analilalia mwaka mwingine mzima. Wapo wauguzi pale waliozaliwa juu ya mashuka yangu, na leo ndio wanaoyatandika. Utanivumilia, ndugu yangu, leo najisifu na hakuna wa kunizuia.

Wenzangu walipanga meza pale pale kwenye chumba cha mashuka, keki imeandikwa sitini. Msimamizi akasimama na karatasi aliyoandikiwa na mpwa wako, binti yangu mkubwa. Akasoma: amezaliwa mwaka fulani, ameanza shule akiwa na miaka saba, leo anatimiza sitini. Watu makofi! Mimi nikaona kama anasomewa mtu mwingine kabisa. Jambo nililolinyamazia tangu utotoni likakataa kufichwa tena. Nikasimama, nikasema, "Samahani bosi, si sitini. Ni sitini na mitatu."

Lo! Binti yangu alinifinya paja, mpaka leo pana alama. "Mama, utatuingiza matatani!" Msimamizi akanitazama, akaikunja ile karatasi, akacheka. "Kwa hiyo umetushonea miaka mitatu ya ziada? Nani atakushtaki kwa hilo?"

Alikuwepo pia mzee wa pasi, yule aliyestaafu mwaka juzi. Mvi zilimwota mapema, basi alikuwa akiidai shikamoo yake kila asubuhi kabla hata sijatua mkoba. Akahesabu kwa vidole, akashika kichwa. "Kumbe miaka ishirini na sita nakula shikamoo za haramu!" Akainuka, akaniamkia shikamoo mbele za watu. Nami nikaitikia marahaba ndefu mpaka wakaomba keki ikatwe.

Sasa hii inayofuata isome polepole.

Mama alipokuzaa hakuweza kuinuka tena. Miguu ilikataa. Mimi nilikuwa na miaka saba, sare yangu imeshashonwa, imening'inia msumarini nyuma ya mlango, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Baba aliitazama ile sare, akanitazama mimi. Nikaitungua mwenyewe, nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Baba akaendelea kwenda karakana kuranda mbao, nami nikabaki nanyi wawili. Miaka mitatu nilikubeba mgongoni, nikakuogesha, nikakukorogea uji, nikamgeuza mama ubavu ili asipate vidonda. Alipoanza kutembea kwa fimbo, nilikuwa nimefikisha kumi. Mwalimu mkuu akasema mtoto wa miaka kumi haingii darasa la kwanza. Baba yetu, mtu asiyeweza kumdanganya mteja hata kwa kigoda, akaenda kuniandikishia cheti kipya cha kuzaliwa. Siku na mwezi akaviacha. Mwaka akausogeza mbele kwa mitatu.

Darasani nikawa mrefu kuliko wote, wakaniita Mlingoti. Niliona aibu, we acha tu. Na wewe nawe ukakua unanitambia: "Umenizidi miaka minne tu, usinitume!" Nikawa nameza. Ni saba, bwana mdogo. Saba!

Baba aliniomba nisikwambie, usije ukakua ukijiona umemwibia mtu shule. Nami niliogopa hivyo hivyo, ndiyo maana nimekaa kimya hadi nimekuwa bibi. Lakini Alhamisi, nilipolisema mbele za watu, niligundua sina aibu nalo hata chembe. Ninaona fahari, tena sana. Hatua yako ya kwanza uliitoa kwenye mguu wa kitanda cha mama ukaja kuangukia magotini kwangu. Mama akalia kwa furaha. Mimi nikakimbia hadi karakana kumwambia baba, uji nyuma ukaungua wote. Walioiona siku ile nimebaki peke yangu, na mimi nikifa nayo wanao hawataijua kamwe.

Msalimie sana wifi yangu, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mpwa wako na mumewe wanakusalimu, ingawa yeye bado amenuna kwa ajili ya ile karatasi. Mungu akujalie umri mrefu, na akupe wa kukuhesabia bila kukupunguzia.

Ila kabla sijaweka kalamu chini: usinipigie simu ukilia, sikukuandikia unionee huruma. Andika tu mwaka wa kweli humo daftarini. Na usije ukaandika kwamba shangazi yao alichelewa kuanza shule. Andika kwamba miaka hiyo mitatu alikuwa kazini, na kazi yake ndiyo hiyo iliyoshika kalamu inayoandika haya.

Wako akupendaye tangu siku ulipozaliwa,
Dada yako,
miaka sitini na mitatu kamili.