Upande wa Kushoto

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Tena! Stuli imehamishwa. Goti limevimba. Miaka kumi na tisa nauza mapazia Kariakoo, najua kila robota lilipo — na sasa kila siku kitu kiko njiani. Ansbert, mdogo wangu tunayeuza pamoja, anasema stuli iko palepale tangu wiki iliyopita. Aliyasema hayo huku akimtazama mteja, siyo mimi. Ana jambo huyu.

Jumatano, 3 Septemba

Ansbert kasimama kushoto kwangu, kimya. Nikageuka, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha mteja. Ati, "Dada, mbona nimesimama hapa muda wote?" Uongo! Ananinyemelea.

Mchana nikamsikia kwenye simu, nyuma ya marobota. "Dada siku hizi si wa kuachwa peke yake dukani." Anaongea na nani? Mkewe? Wanataka nirudi Kibosho nikapalilie migomba, duka libaki lao. Nitawaona.

Ijumaa, 5 Septemba

Bodaboda imenikosa kidogo tu Msimbazi. Ilitokea wapi? Dereva akafoka, mama, unatazama wapi! Ansbert kang'ang'ania niende kliniki ya macho, Upanga. Macho! Mimi nikivaa miwani natunga uzi kwenye sindano. Nimekubali — nione anapanga nini.

Jumanne, 9 Septemba

Dokta Haruna, mdogo kwa umri. "Shikamoo mama Agnesi." Jina langu kalijua vipi? Nikakumbuka faili. Lakini nilimchunguza Ansbert, kama wanafahamiana.

Anasema ni glakoma. Presha ndani ya jicho imepanda, inaua taratibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Haiumi. Katikati unaona, pembeni panapotea. Kushoto kwangu ndiko kumeharibika zaidi. Mbona sioni giza? Akasema ubongo unajazia pengo, mtu hajui. Kilichopotea hakirudi. Matone kila jioni, maisha yote, kulinda kilichobaki.

Ugonjwa usiouma, usioonekana, na dawa isiyoisha! Mtu anayetaka kunitoa dukani angetunga hivyohivyo.

Kisha akauliza, kwenu kuna aliyepofuka?

Ansbert akajibu, "Baba."

Jumatano, 10 Septemba

Sijaenda dukani.

Baba alianza kwa kujigonga kwenye miimo ya milango. Akasema jirani, mzee Beno, kamroga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tukaamini wote. Miaka thelathini hatusalimiani na nyumba ile. Mke wa Beno alipofariki hatukwenda kuzika — mimi ndiye niliyekataza!

Asubuhi nimeziba jicho la kulia kwa kiganja, nikakazia la kushoto kalenda ukutani. Mlango ulio kushoto kwake haupo. Nikageuza uso — upo. Nimerudia mara nne.

Nimetia matone. Yanawasha.

Jumatatu, 15 Septemba

Dokta alisema ndugu wa damu wapimwe, hasa waliovuka arobaini. Ansbert ana hamsini na moja. Tangu Alhamisi nilipomwambia akapimwe, ananikwepa. Leo kachemka mbele ya wateja. "Dada, mimi naona vizuri! Unanilipizia, au unataka kunitoa dukani?" Jicho alilonikata nalijua. Ni langu lile.

Nikamwambia yote. Stuli, simu, wifi, Kibosho. Akanieleza. Ile simu alikuwa anaomba miadi kliniki! Nikalia palepale, juu ya marobota. Akachukua funguo, akafunga duka.

Sasa niko kwenye benchi la kliniki, naandikia gotini. Yeye yuko ndani, kidevu kwenye mashine. Mlango haukufungika vizuri. Nesi kamwelekeza, tazama mbele tu, kila ukiona taa ndogo pembeni bonyeza kitufe.

Nasikia kitufe. Ti. Ti. Ti-ti.

Kimya.

Bado kimya.

"Nesi, mashine imezima?"

"Inaendelea, baba. Tazama mbele."