Mbuzi wa Letizia

Ibra, Oman,
Ijumaa, 7 Februari 2025

Mpendwa mjukuu wangu Manar, mke mwenzangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Vipi hali yako na uzazi? Maziwa yanatoka? Uji wa pilipili manga unaunywa, au huko Bologna wanakupa maji ya matunda tu? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila magoti yangu hayaniachi. Naandika kwa mkono, mama yako Fakhriya ataipiga picha barua akutumie, kwani nikishika simu babu yako hukaa ubavuni kwangu akasikiliza kila neno.

Nilimfikishia maneno yako: kuwa mumeo angependa binti aitwe Letizia, jina la marehemu mama yake, na kuwa wewe hutaki kumpa mtoto jina lolote bila radhi za babu. Lo, alinuna siku nzima. Mumeo kasilimu, kheri, anasema, lakini jina la Kitaliani nyumbani kwa Khelef? Yeye keshaamua aitwe jina la mama yake, unalijua.

Nikangoja amalize kahawa, nikamwambia, "Khelef, tangu uliponioa sijapata kulitaja jina la mama yako, kwa heshima ya ukwe. Leo unipe kitukuu nisiyeweza hata kumwita?"

Akachezea kikombe. Hilo hakulifikiria kabisa. Wanaume hawajui tunayoyabeba. Kisha akauliza hilo Letizia lina maana gani. Nikamwambia furaha. Akavaa viatu akatoka, nami sikumchokoza. Niliingia jikoni nikikuogopea wewe.

Jana akatoka na jirani yetu Hud kwenda sokoni, wakarudi na mbuzi wa kutoka Dima wa Tayyin, kule milimani, kanona kweli. Hud kanieleza kuwa muuzaji aliuliza mbuzi wa nini, na babu yako akamjibu, "Akika ya kitukuu changu, Letizia." Kulitamka kalitamka vibaya, maskini, lakini mbele ya soko zima. Nimelia, Manar, sikufichi.

Basi radhi zake unazo, na kesho tunachinja. Anataka arubaini ikitoka umlete mtoto amuone.

Mama yako, mdogo wako Wasan na shangazi yako Ahlam wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu amkuze binti katika afya na imani, akuhifadhi na wewe.

Msalimie mumeo. Mwambie jina la mama yake sasa linatajwa hata huku Ibra.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye pasi na kiasi,
Fawziya